Tulienda Kupiga Picha Jikoni Nyeusi

Nimechoka kuulizwa. Tangu turudi Kitui, kila mtu akipita kwa kibanda yangu ya kutengeneza simu anaangalia hii suruali, anashika mdomo, halafu anauliza, "Kioko, kwani ulikalia nini?" Sasa nimeandika yote hapa. Soma, cheka ukimaliza, halafu uniwache nifanye kazi.

Mnajua Ndanu. Kama humjui, ni yule msichana anachora katuni kwa laptop yenye haina herufi tatu, kwa cyber iko nyuma ya posta. Hakuna mtu alimfundisha. Alijifunza kwa simu, vile mimi nilijifunza kufungua simu. Alichora katuni ya kambuzi kadogo kenye kamezaliwa jana, kanakataa kulala zizini na wengine, kanataka kulala jikoni kwa nyanya karibu na moto. Ni hivyo tu. Lakini ukiona hiyo jikoni vile alichora, unaweza kukohoa. Kuta nyeusi ya moshi, mahindi ya mbegu imening'inia juu ya moto, vibuyu, na katundu kadogo karibu na paa kenye jua linaingilia kama fimbo. Na huko nje vilima na ukungu.

Studio moja ya Nairobi ikaipenda. Tukaruka. Halafu jamaa wa hiyo studio akamtumia vile wao wamerekebisha. Jameni. Tambarare mpaka mwisho wa dunia. Mti mmoja. Nyumba ya msonge. Na twiga! Twiga anafanya nini nyuma ya jikoni ya nyanyake Ndanu huko Kalamba?

Ndanu akampigia. Jamaa akamwambia, kwa upole kabisa, ati Ukambani ni kame, watu hawataamini ukungu, na jikoni nyeusi hivyo haiko siku hizi, labda ni mambo ya ndoto yake. Kama hizo mahali ni za ukweli, alete picha kufikia Jumatatu. Asipoleta, ya twiga ndio itaenda.

Sasa utauliza, si angetafuta picha za zamani? Wewe kwenu nani hupiga picha jikoni? Tulitafuta kwa albamu yao yote. Watu wamesimama mbele ya pazia, watu wamekalia kochi, watu wameshika keki. Jikoni, hakuna hata moja. Na nyanyake, Susu, vile sisi Wakamba tunaita nyanya, ako na simu ya kubonyeza.

Nikamwambia Ndanu, "Twende. Nakupeleka mimi. Huyo mtu atakula hiyo twiga yake."

Kitui mpaka Malili

Tulipata lifti kwa pikapu ya Pasta Muli. Alikuwa anapeleka spika, jenereta na hema kwa mkutano wa injili huko Emali, na alikuwa anapitia Machakos aingie barabara ya Mombasa. Kosa langu la kwanza ni kufikiria lifti ya pasta ni ya haraka.

Huyo mtu anaendesha akiangalia wewe, si barabara. Anataka kujua umeokoka lini, nani alikuombea, na kwa nini hujaoa. Nikamwambia niko na kazi mingi. Akasema, "Hata Nuhu alikuwa na kazi, kijana wangu, na alikuwa na bibi." Ndanu huko dirishani akacheka mpaka akagonga kichwa kwa kioo.

Kufika Malili akasimamisha gari karibu na wale wanauza nyanya kando ya barabara. "Dakika kidogo tu, nijaribu sauti."

Kujaribu sauti! Alishusha spika mbili. Akasema "halo, halo." Mama mmoja wa nyanya akajibu "amina," na hapo ndio tuliharibikiwa. Pasta akikuta mtu wa kujibu amina, hakuna breki. Alihubiri mpaka kivuli ya pikapu ikahama upande mwingine. Mimi nimesimama na begi mgongoni kama mtoto amefukuzwa shule. Kila nikimkaribia kumuonyesha saa, ananishika bega ananiombea.

Halafu akatuita mbele. "Hawa vijana mnaona hapa wanapeleka Kalamba kwa televisheni! Wanaenda kupiga picha jikoni ya mama mzee! Mungu hasahau jikoni!"

Watu wakapiga makofi. Mama wa nyanya akanipa kikapu kidogo ya nyanya zimeiva sana, nikazibeba safari yote na zikapasukia ndani ya begi, lakini hiyo wacha tu.

Tukirudi kwa gari Pasta akamuuliza Ndanu jina ya nyanyake. Akamwambia. Pasta akafurahi, "Huyo namjua! Na mwenyekiti wa wamama huko, Syombua, ni mtu wa maombi kabisa." Akampigia simu papo hapo, spika juu, "Mwenyekiti! Wageni wa televisheni wanakuja kwa Susu! Wanataka kupiga picha jikoni!" Upande ule mwingine tukasikia mama akipiga kelele ya furaha.

Na mimi, wacha niseme ukweli, nilimshukuru. Nikasema, angalau watatupikia.

Kilungu

Pasta alitushukisha kwa njia panda, tukapanda na bodaboda mpaka juu vilimani, zile vilima Ndanu alichora. Nilikuwa nataka tupige picha ya ukungu haraka, tushuke, siku hiyo hiyo tulale kwa Susu. Tukafika, jua kali. Mbingu safi kama sahani. Unaona mashamba, matuta, kila parachichi moja moja mpaka ng'ambo, lakini ukungu hata ya dawa hakuna.

"Tungoje," Ndanu akasema.

"Tungoje nini?"

"Ukungu."

"Ndanu, ukungu si mtu, haiwezi kupigiwa simu."

Akakaa kwa jiwe, akatoa karatasi, akaanza kuchora matuta. Sasa, wachoraji wako na hii tabia. Anafunga jicho moja, ananyoosha mkono, anashika penseli wima mbele ya uso, anapima kilima na kidole. Mimi nimezoea. Mtu wa Kilungu hajazoea.

Akatokea mwanaume na panga, anatoka kukata majani ya ng'ombe. Akatuangalia sana. "Nyinyi mnapima shamba ya nani?"

"Hatupimi," nikasema.

"Huyo anapima. Namuona na jicho."

Kabla nimalize kumueleza, akaita, "Nzioka! Wee Nzioka! Kuja uone! Umeleta serveya bila kuniambia!"

Huyo Nzioka alikuwa kakake mkubwa, anaishi hapo chini. Akakuja mbio na slipasi moja. "Serveya nimeleta mimi? Ni wewe Mutua umeleta! Unataka kuhamisha mpaka nikiwa kanisani!"

"Leo ni Alhamisi, kanisa gani?"

"Ya Alhamisi!"

Hawa ndugu wawili wamegombania parachichi moja tangu baba yao afe. Mutua anasema mpaka iko upande huu wa huo mti, Nzioka anasema iko upande ule. Wakatuweka katikati. Kila mmoja anamwambia Ndanu aangalie vizuri na hiyo penseli. Mimi damu ikapanda. Nikasema kwa sauti, "Wazee, mimi natengeneza simu! Huyu anachora katuni ya mbuzi! Hakuna mtu hapa anapima chochote!"

Mutua akatoa simu mfukoni. "Unatengeneza? Hii haiskii. Lazima watu wapige nduru."

Hivyo ndio nilijikuta nimekaa chini ya mti wa kesi, nimefungua simu ya Mutua, natoa unga kwa spika na mswaki, na ndugu wawili wamesimama nyuma ya Ndanu wanamsimamia kuchora. "Hapo weka choo." "Choo iko juu kidogo." "Iko juu kwa sababu uliihamisha!" "Weka nyumba ya baba. La, mlango unaangalia huku. Hivyo." Kufika kwa parachichi wakainamia karatasi wote. Ndanu akachora mti, majani yote, hata lile tawi limevunjika. Hakuchora mpaka, kwa sababu mpaka haionekani na macho.

Nzioka akaangalia sana. Akasema, "Ni yenyewe. Sasa piga muhuri."

"Muhuri gani?" Ndanu akauliza.

"Ya serikali."

Tulilala kwa Nzioka, maana kufikia hapo giza ilikuwa imeingia na hakuna bodaboda ingeshuka. Bibi yake alitupea isyo, mahindi na maharagwe, yenye mafuta ya maana na mikate ya ndizi, chakula ya kweli, siwezi lalamika. Lakini Mutua akasikia tumekula kwa kakake, asubuhi akasema lazima tukule kwake pia, ama tumechagua upande. Tukakula tena. Mimi nikiwa nahesabu jua linapanda, Ndanu akanivuta shati. "Kioko. Angalia."

Ukungu. Bonde yote imejaa, nyeupe, matuta zinatokea moja moja kama mtu anakunjua nguo. Ile parachichi peke yake juu ya maziwa. Nilipiga picha mpaka simu ikapata joto mkononi. Nikaanza kupiga kelele peke yangu, "Kame! Aje hapa aseme kame!" Mutua na Nzioka wakaniangalia, mara ya kwanza wakakubaliana kitu: kwamba mimi si mzima.

Kushuka Kalamba

Safari ya kushuka sitasema mingi. Gari ya kubeba parachichi, kupasuka gurudumu, dereva kukataa kutumia jeki kwa sababu ni ya shemeji yake, kungoja shemeji. Jioni ikatukutia njiani, tukalala Emali. Nyanya zangu za Malili zikafia hapo.

Kitu moja tu. Ndanu alikuwa ananiambia njia yote kuhusu hiyo jikoni. Akiwa mdogo mamake akifanya kazi Mombasa, yeye alikuwa analala hapo na mbuzi zimezaliwa, Susu akiongea na moto. Akasema ule weusi wa ukuta ukiugusa na kidole unang'aa, na kila mtoto wa hiyo boma aliandika jina kwa masizi na ukucha. Jina yake iko karibu na katundu. "Wakiniwekea twiga," akasema, "itakuwa ni kama sikukaa huko." Nikamwambia hiyo twiga itakufa. Niliapa kabisa.

Kwa Susu

Jumamosi asubuhi bodaboda ikatushukisha kwa lango. Kitu ya kwanza niliona ni wamama. Wengi. Wamepanga laini, wamevaa sare ya kitenge, wanaimba. Hiyo ni mwethya, kikundi ya kusaidiana, leo kulima kwa huyu, kesho kujenga kwa yule. Mbele yao Mwenyekiti Syombua na brashi mkononi, ameishika kama bendera.

Uwanja umefagiwa mpaka udongo unaonyesha alama ya fagio. Ua ya miti imekatwa ikakuwa kimo ya kiuno. Na jikoni.

Pinki.

Sio pinki ya kujificha. Pinki ile ya kupaka chumba ya watoto wa Sunday school, kwa sababu ndiyo ilibaki kanisani. Nje pinki, ndani pinki. Walikuwa wamekwaruza masizi yote na majembe, wakapiga lipu ya udongo mpya, wakapaka. Mahindi ya mbegu imetolewa, vibuyu zimeenda nyuma ya choo, na katundu kameziba kabisa. Juu ya mafiga kumewekwa kitambaa ya meza yenye maua.

"Karibuni wageni wa televisheni!" Mwenyekiti akasema. "Tumefanya siku mbili! Mngekuja Alhamisi mngekuta aibu hapa!"

Mngekuja Alhamisi. Nikafikiria Pasta. Nikafikiria parachichi. Nikafikiria jeki ya shemeji.

Ndanu aliingia, akaenda moja kwa moja kwa ile pembe, akaweka mkono mahali jina yake ilikuwa. Mkono ukatoka na pinki.

Basi mimi nikalipuka. Niliwaambia wameharibu. Nikawaambia tulikuja kwa ile nyeusi, ile chafu, hiyo ndio tulikuwa tunataka, nani aliwatuma, sasa Jumatatu huyu msichana atapoteza kila kitu kwa sababu ya rangi ya kanisa! Wimbo ukakatika. Mama mmoja akashusha mikono. Susu alikuwa amekaa kwa kiti ya plastiki, amevaa kofia mpya, akainama.

Mwenyekiti akaja karibu yangu. "Kijana," akasema, pole pole, "wewe nyumbani kwenu mgeni akija, mamako anamuonyesha sufuria chafu?"

Nikakaa kwa kizingiti nipumue.

"Kijana—" akaanza tena.

"Niacheni!"

"Sawa. Lakini hiyo ndio tulipaka mwisho. Haijakauka."

Nikajaribu kusimama. Suruali ikabaki kidogo nyuma, ikanivuta, *prrr*. Mama mmoja akacheka kwa pua. Mwingine akashika ukuta kucheka na yeye akashikwa na ukuta. Halafu wote, hata Susu, kofia ikaanguka. Ndanu akatoka ndani kuona, akaniangalia matako, akakaa chini kabisa kwa vumbi. Nilijua amecheka kwa sababu mabega ilikuwa inaruka, lakini akiinua uso nikaona ni vyote viwili, kicheko na machozi.

Susu akasimama. "Mwana wakwa," mtoto wangu, akamwambia, "umekula?"

Ndio basi. Hakuna kitu ingine Susu angeuliza. Akatoa kile kitambaa ya maua, akaweka kuni, akawasha moto apike muthokoi, mahindi ya kukobolewa. Mwenyekiti akasema, "Susu, usichafue, hawajapiga picha!" Susu akamwambia, "Wageni wangu wakule rangi?"

Na kwa sababu katundu kaliziba, moshi ikakosa pa kwenda. Ikajaa. Wamama wakatoka mmoja mmoja wakikohoa, sare zao juu ya pua. Mwenyekiti mwenyewe akatoka macho yanatiririka, akaniangalia, akaniwekea jembe mkononi. "Wewe wa makelele. Panda utoboe."

Nikapanda kwa pipa. Nikagonga pale Ndanu alinionyesha kutoka chini, "Kidogo kushoto, hapo, hapo!" Udongo bado mbichi, ikatoka donge moja. Na jua ikaingia.

Sijui kusema vizuri. Ile fimbo ya jua ilipita katikati ya moshi, ikaangukia ukuta wa pinki, na jikoni yote ikawaka kama ndani ya pera imeiva. Susu ameinama kwa moto, nusu yake moshi, nusu yake pinki. Juu yake masizi ya kwanza imeanza kushika, mstari mwembamba. Mbuzi wa jirani akachungulia mlangoni akagusa kizingiti na pua, akabaki hapo na pua ya pinki.

"Kioko," Ndanu akasema polepole. "Simu."

Nikampa. Akapiga, akapiga, halafu akawacha kupiga akatoa karatasi. Wamama wakarudi wakasimama nyuma yake kama wale ndugu wa Kilungu. "Kibuyu kubwa ilikuwa huku." "Hapana, hapo ni ya maziwa." "Mahindi weka, lakini rangi usitoe! Rangi ni yetu!"

Muthokoi ilikuwa tamu. Na ilikuwa na harufu ya rangi.

Kitui tena

Jumatatu Ndanu alituma picha. Tukakaa kwa kibanda yangu tukingoja, simu kwa meza, spika juu. Jamaa wa studio akapiga kabla ya chakula ya mchana.

"Wacha niseme," akasema, "ukungu sikujua. Nimeshangaa. Twiga tumetoa. Na jikoni, moshi, hiyo mwanga... ni sawa kabisa. Kitu kidogo tu: hiyo pinki tutaitoa, tuweke udongo ya kawaida. Mtazamaji hawezi kuamini ni kijiji."

Nilimuona Ndanu anaangalia kidole yake, ile yenye ilibaki na rangi chini ya ukucha.

Mimi ndio yule alisimama kwa hiyo boma akatukana hiyo rangi mbele ya wazee. Najua. Lakini nilinyakua simu. "Unataka kuitoa? Kuja Kalamba uitoe wewe mwenyewe. Wako wengi, wanaimba, na wako na majembe. Hiyo jikoni ilipakwa kwa sababu wageni wanakuja. Wageni ni nyinyi!"

Nikaangalia kioo nione kama nimekata. Nikaona nimeua kitu ya rafiki yangu na mdomo yangu.

Halafu jamaa akauliza, "Na huyo mbuzi kwa picha ya mwisho... kwa nini pua yake ni pinki?"

Ndanu akachukua simu kwa mkono wangu. Akamwambia kila kitu, kuanzia Malili: spika, wamama, kizingiti, mimi. Nilimskia jamaa akicheka huko Nairobi. Aliongea tena kidogo, Ndanu akasema "sawa," "sawa," akakata.

"Amesema nini?"

"Pinki inabaki." Akajipangusa uso na kitenge. "Na kambuzi kangu sasa kako na pua ya pinki."

Jioni tukapigia Susu kumwambia. Akauliza kama ni kweli watu watamuona na kofia mpya. Akasema masizi imeshapanda nusu ya ukuta, na mjukuu wa Syombua ameshaandika jina yake na ukucha karibu na katundu, lakini ameacha nafasi ya jina ya Ndanu.

Kwa hivyo hii suruali sitafua. Ukipita hapa usiniulize tena.